Kuvu ya Kufukuza Kuvu: Kukinga Mahindi na Sumukuvu Handeni na Kilindi

Mkulima akifungua gunia mwezi wa kumi na moja akakuta punje zina ukungu wa kijani, lawama huangukia ghala: paa linavuja, sakafu ina unyevu, gunia lenyewe bovu. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuvu inayotengeneza sumukuvu (aflatoksini), ile ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus, haikai ghalani ikisubiri mahindi yaletwe. Makazi yake ni udongo, mabua ya msimu uliopita na magunzi yaliyotupwa pembeni ya shamba. Huingia kwenye mhindi nywele zinapochomoza, ikipeperushwa na upepo au kubebwa na wadudu. Ghala huipa tu nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo kinga inayoelezwa hapa, kuvu isiyo na sumu iitwayo Aflasafe, ni ya kulinda mahindi yaliyo ghalani, ila inawekwa shambani, mahindi yakiwa bado hayajatoa mbelewele.

Kwa ukanda wa Handeni, Kilindi na Korogwe ya tambarare, jambo hili lina sura mbili. Kuna afya: mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumukuvu nyingi, na Manyara tunapakana nayo upande wa Kilindi. Hao ni walioangushwa kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki, ila sumu hiyo hushambulia ini na ni moja ya visababishi vya saratani ya ini. Halafu kuna soko. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mwenye lori lililokuwa njiani kuelekea Horohoro wiki ile hahitaji kukumbushwa.

Na kupika hakusaidii. Moto wa jikoni unaua kuvu lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki kwenye ugali na kwenye uji wa mtoto.

Kuvu nzuri ni ipi

Si kila Aspergillus flavus ina sumu. Katika udongo wa shamba moja zimo nyingi, nyingine kali, nyingine hazina uwezo wa kutengeneza sumu kabisa kwa sababu zimepoteza sehemu ya vinasaba vya kazi hiyo. Huko Arizona, Marekani, mtafiti Peter Cotty alionyesha kwenye mashamba ya pamba kwamba zile zisizo na sumu zikiongezwa shambani kwa wingi na kwa wakati wake, hushika nafasi na zile kali hubaki chache. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, iliileta mbinu hiyo Afrika kwa kuanzia Nigeria, na kila nchi ikatafutiwa kuvu zake yenyewe kutoka kwenye udongo wake. Ya Tanzania inaitwa Aflasafe TZ01, ilisajiliwa mwaka 2018, na ni kwa ajili ya mahindi na karanga.

Ukifungua mfuko utakuta mtama. Ni punje za mtama zilizochomwa hadi zikafa, zikapakwa mbegu za kuvu za aina nne zisizo na sumu, na zikatiwa rangi ili asije mtu akazidhania chakula. Mtama ni chakula cha kuvu, si mbegu ya kupanda. Swali la kwanza analoulizwa bwana shamba vijijini ni hili hili:

"Mwanangu, sasa huu mtama si utaota katikati ya mahindi yangu?"

"Hauoti, bibi. Umeshachomwa. Kazi yake ni kulisha ile kuvu siku za mwanzo tu."

Kinachotokea ni mbio za kuwahi kiti kwenye Coaster ya Segera: aliyekwisha kukaa amekaa, na anayekuja nyuma atasimama. Kuvu nzuri haiiui ile mbaya kwa sumu. Inawahi kwenye udongo, inawahi kwenye nywele za mhindi, inawahi kwenye kila tundu lililotobolewa na mdudu, na inaendelea kuishi juu ya punje hizo hadi ndani ya gunia. Ndiyo maana faida yake inaonekana zaidi kadiri mahindi yanavyokaa ghalani. Kwenye majaribio ya mashambani katika nchi mbalimbali za Afrika, sumukuvu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi.

Hapo hapo ujue isichofanya. Haiui fukusi wala dumuzi, yule aliyebatizwa Skania. Haiondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye mahindi. Haizuii fumonisini, sumu nyingine ya mahindi inayotokana na kuvu ya ukoo wa Fusarium. Na wala haimwagwi ghalani. Wapo wanaonunua wakidhani ni ya kuchanganya na mahindi kwenye gunia kama dawa ya unga ya wadudu. Huko ni kutia kuvu kwenye chakula chako kwa mkono wako.

Hatua ya kwanza: hesabu kwanza, nunua baadaye

Muda wa kumwaga ni wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajachanua. Hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika.

Andika tarehe ya kupanda. Mahindi mengi ya tambarare ya Tanga hutoa mbelewele kati ya siku 50 na 60 baada ya kupandwa. Mbegu za muda mfupi huwahi, mbegu ndefu huchelewa. Toa siku 14 hadi 21. Kwa mbegu ya kuchanua siku ya 55, dirisha lako linafunguka siku ya 34 na kufungwa siku ya 41. Kama ulipanda mvua za masika zilipotulia mwishoni mwa Machi, siku zako ni za mwanzoni mwa Mei, udongo ukiwa bado na maji. Kwa mahindi ya vuli hesabu ni ile ile, ila mvua ni ya kubahatisha zaidi, hivyo fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujafungua mfuko.

Asiye na tarehe atumie macho. Mahindi yakiwa yamefika kiunoni au kupita kidogo, majani ya mistari miwili yakianza kugusana, na mbelewele bado imefichwa ndani ya majani ya juu, upo ndani ya muda. Chagua mmea mmoja usioupenda, uupasue kwa kisu kuanzia juu: ukikuta mbelewele ndani imeshakuwa kubwa na inakaribia kutoka, harakisha. Ukiona shamba zima limeshachanua na nywele zimetoka, usinunue. Pesa hiyo nunua turubai, maana faida ya kumwaga wakati huo ni ndogo mno.

Karanga zina muda wake. Soma lebo au muulize afisa ugani, usichukue hesabu ya mahindi.

Hatua ya pili: kununua

Kiasi ni kilo 4 kwa eka. Kabla ya kwenda dukani pima shamba lako upya kwa ile hesabu ya hatua 70 kwa 70, kwa sababu "eka mbili" za mazungumzo mara nyingi ni eka moja na nusu ya kweli, na bidhaa hii haifai kubaki hadi mwakani.

Dukani angalia vitu vitatu: jina lenyewe TZ01, tarehe ya mwisho wa matumizi, na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Hiki ni kitu chenye uhai. Mfuko uliokaa dirishani kwenye jua, au uliopata maji, hata kama tarehe haijapita, uache hapo hapo. Ukifika nyumbani uweke mahali pakavu penye ubaridi, mbali na kuku na watoto, na mbali pia na dawa za kuua kuvu.

Wanaolima jirani mkanunue pamoja. Mbegu za kuvu hazijui mpaka wa shamba: za jirani zilizo kali zinapeperuka kuja kwako, na nzuri zako zinapeperuka kwenda kwake. Mashamba kumi yanayopakana yakimwagiwa wiki moja, kila moja linafaidika kuliko lingekuwa peke yake. Kikundi cha kuweka na kukopa ni mahali pazuri pa kulizungumza hili, kwa kuwa pesa na watu tayari wako pamoja.

Hatua ya tatu: maliza palizi na mbolea

Palizi ya pili iishe kabla ya kumwaga, na mbolea ya kukuzia iwe imeshawekwa na kufukiwa. Ukimwaga halafu ukapitisha jembe siku nne baadaye, umezika kila punje, na kuvu iliyozikwa haipeperushi kitu. Mtama huu unafanya kazi ukiwa juu ya udongo, kwenye kivuli cha majani ya mahindi.

Usichanganye na urea ndani ya ndoo moja kwa nia ya kuokoa mzunguko. Na kama una mpango wa kupiga dawa ya kuua kuvu kwenye mahindi, hiyo haichagui nzuri na mbaya.

Hatua ya nne: kumwaga

Subiri udongo uwe na unyevu. Siku nzuri ni ile inayofuata mvua, asubuhi, ukichota udongo ukaufinya unashikana lakini hautoi maji. Udongo mkavu hauharibu bidhaa papo hapo, punje zinaweza kulala zikisubiri mvua, ila kila siku zinayolala kuna chungu, ndege na panya wanaozibeba. Mvua kubwa nayo ni tatizo: kwenye miteremko kama ile ya Kwediboma, maji yakishuka kwa nguvu yanasomba mtama wote hadi bondeni. Ukisikia ngurumo, ahirisha.

Vaa kitu cha kufunika pua na mdomo, na glavu kama zipo. Kuvu hii haina sumu ya sumukuvu, lakini vumbi la kuvu ni vumbi la kuvu. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.

Sasa hesabu ya mkono. Kilo 4 kwa eka ni karibu gramu 1 kwa kila mita ya mraba, yaani punje kama 30 hadi 40 kwenye eneo dogo kuliko khanga moja iliyotandazwa. Ni chache kuliko mtu anavyotarajia. Mkono wa mtu aliyezoea kurusha mbolea humaliza mfuko robo ya shamba. Dawa yake ni kugawa: pima kilo 4, zigawe mafungu manne sawa, na shamba uligawe vipande vinne kwa vijiti. Fungu moja kwa kipande kimoja. Kipande cha kwanza kikikuishia fungu kabla hujafika mwisho, utajua mkono wako ni mzito na utajirekebisha kwenye cha pili. Mimi napendelea kila fungu litoshe kupita mara mbili, nusu ukienda kwa kufuata mistari na nusu ukikatisha, kwa sababu hakuna anayeweza kurusha sawasawa mara ya kwanza.

Rusha chini, kati ya mistari, upepo ukiwa mgongoni. Si juu ya majani: punje zinazonasa kwenye kikombe cha jani zinabaki huko. Mipakani usiruke, hasa upande ambao upepo unatoka.

Kuku wafungiwe. Siku tatu nne zinatosha. Kuku wa kienyeji wa nyumba mbili wanaweza kulisafisha eneo la karibu na makazi lote kabla ya saa nne asubuhi, na mwenye shamba akaja kusema bidhaa haifanyi kazi.

Hatua ya tano: rudi ukaangalie

Siku ya tatu rudi shambani, uchuchumae. Tafuta punje ya mtama kwenye kivuli, iokote taratibu. Ile rangi ya kiwandani haionekani tena vizuri. Punje imevaa manyoya mafupi ya kijani yenye unjano kidogo, na ukiipuliza inatoa vumbi. Hilo vumbi ndilo ulilonunua. Kila punje inatoa mbegu za kuvu kwa maelfu, na ndizo zitakazopanda hadi kwenye nywele za mhindi.

Ukikuta punje bado safi na kavu, mvua haijatosha, subiri. Ukikuta hakuna punje kabisa, fuata njia ya siafu au nyayo za kuku.

Ukungu huu na ule mbaya hautofautishwi kwa macho, kwa sababu ni kuvu ya aina moja. Jambo hilo lina maana kubwa baada ya mavuno: mhindi wenye ukungu wa kijani hauliwi kwa hoja kwamba "ule ni ukungu wetu mzuri". Unatupwa kama mwingine.

Hatua ya sita: vuna yakishakomaa

Baada ya kumwaga hakuna cha kuongeza, ila kuna cha kuharibu. Ukame mahindi yanapojaza punje, joto kali na viwavi wanaotoboa mhindi vyote huifungulia mlango kuvu kali. Ukame huna la kuufanya. Kuchelewa kuvuna unaweza kukuacha.

Chukua mihindi michache kutoka sehemu mbalimbali za shamba, bandua punje za katikati ya gunzi, ukwaruze kitako chake kwa ukucha. Ukiona doa jeusi, punje imeshafunga na haipokei chakula tena kutoka kwenye mmea. Kuanzia hapo mahindi yanakauka tu, na kila wiki inayoongezeka shambani ni ya fukusi, ndege na mvua ya bahati mbaya. Mahindi ya masika huku kwetu huvunwa kipindi cha jua na upepo, ni rahisi. Ya vuli ndiyo yenye mtego, kwa kuwa ukichelewa hadi Machi masika yanakukuta nayo yakiwa yamesimama.

Ukivuna, usirundike chini. Weka juu ya turubai, na mhindi ulioanguka ukalala kwenye udongo uuweke kando na ukaguliwe peke yake.

Hatua ya saba: kukausha, na hapa usikimbilie

Nimeona watu wanaofanya kila kitu vizuri hadi mahindi yanafika nyumbani, kisha wanaanika juu ya ardhi tupu kwa sababu "jua lipo". Udongo una unyevu na una kuvu. Mahindi huanikwa juu ya turubai au kichanja, unene wa vidole viwili hadi vitatu, yakigeuzwa mara kadhaa kwa siku, na jioni yanakusanywa na kufunikwa kabla umande haujashuka.

Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, ambacho ni kiwango cha biashara cha Afrika Mashariki. Mwenye kipimo atumie kipimo. Vikundi vingi na wanunuzi wakubwa wanacho. Asiye nacho atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu vijiko viwili, jaza mahindi hadi theluthi moja ya chupa, funga, tikisa vizuri, iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi. Isipoganda, yamefika chini ya asilimia 15, na hapo si mwisho: ongeza siku nyingine mbili za jua ndipo uhesabu yamekauka. Kung'ata punje kwa meno, mbinu ya wazee, inakubalika kama dokezo. Meno ya mtu wa miaka 20 na ya mtu wa miaka 60 hayasemi kitu kimoja.

Chumvi ya dukani mara nyingi ina unyevu tayari. Ianike juani saa nzima kabla ya kupima, la sivyo itaganda hata kwenye chupa tupu.

Kupukuchua kwa kujaza gunia na kulipiga fimbo kunavunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wazi. Mashine ni bora, ila ipitishwe mahindi makavu na isikazwe kupita kiasi. Kama ni kwa mkono, hamna neno; jioni, watoto na redio, kazi inakwisha.

Hatua ya nane: kupepeta na kuchambua

Pepeta, kisha chambua. Ondoa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa, na chenga zote. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye mahindi. Punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Kwa hiyo bakuli moja unalochambua linaweza kuwa ndilo lililokuwa na hatari.

Bakuli hilo usiwape kuku, usiwape nguruwe, na wala usimpelekee mama wa pombe. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Fukia au choma, mbali na shamba.

Kwa wapenda dona niseme moja. Kukoboa hupunguza sumu kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, na dona inaacha vyote humo. Siwaambii waache dona. Nawaambia mahindi ya dona ndiyo yachambuliwe kwa jicho kali zaidi, hasa ya kusagia uji wa lishe, na karanga zinazochanganywa humo nazo vivyo hivyo.

Hatua ya tisa: kuhifadhi

Mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kinga Njaa, inafaa sana hapa, na imekuwa ikitengenezwa papa hapa Tanga. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki na nje kiroba. Ukifunga kila tabaka peke yake kwa kukunja na kukaza, wadudu walio ndani humaliza hewa na kufa, na kuvu nayo haipati hewa ya kukua. Huhitaji kuchanganya dawa ya unga.

Ila mfuko huu haukaushi mahindi. Ukifunga yakiwa na unyevu, umefungia unyevu. Kagua matundu kwa kuipuliza hewa mifuko ya ndani kabla ya kujaza, usiiburuze, ipange juu ya mbao na mbali na ukuta, na panya wasiachiwe nafasi, kwa sababu tundu moja la panya linaurudisha mfuko kuwa kiroba cha kawaida. Ukishafungua kwa ajili ya chakula, chota na ufunge tena papo hapo. Au hifadhi ya kula kwenye mfuko mmoja na ya kuuza usiguse.

Machungwa je?

Swali hili huja kila mara kutoka Muheza, na ni la haki. Chungwa linaloota ukungu wa kijani likiwa njiani kwenda Dar es Salaam limeingiwa na kuvu nyingine kabisa, Penicillium digitatum, inayopita kwenye jeraha la ganda. Nayo ina wapinzani wake: katika nchi nyingine zimetengenezwa hamira za porini kama Candida oleophila na Metschnikowia, zikiwekwa kwenye tunda baada ya kuvunwa ili ziwahi kwenye jeraha na kumaliza chakula kabla kuvu haijafika. Kanuni ni ile ile ya kuwahi. Lakini Aflasafe usiimwage kwenye machungwa, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa chungwa anza na jeraha lenyewe: kata kikonyo kwa mkasi badala ya kuvuta, usilirushe kutoka juu ya mti, usilijaze tenga hadi la chini lipasuke, na lililooza liondoke kwenye lundo siku hiyo hiyo.

Hatua ya kumi: sampuli kabla ya kuuza

Kama unauzia kikundi, kiwanda cha unga au mnunuzi wa kuvuka mpaka, pimisha kabla hajaja na kipimo chake. Kosa la kawaida ni kuchota kilo moja kutoka gunia la juu. Kwa jinsi sumu inavyokaa kwa mafungu, kilo hiyo inaweza kuwa safi na gunia la pili lina balaa, au kinyume chake ukakataliwa shehena nzima bure.

Chukua bambo, chota kutoka magunia mengi kadiri inavyowezekana, kila moja juu, katikati na chini. Changanya yote kwenye turubai safi, tandaza duara, gawa mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawa tena, hadi upate kilo kama tano. Hizo zisagwe zote, zichanganywe, ndipo fungu la kupima litolewe. Ukipeleka punje zisizosagwa, mpimaji atachota gramu chache na bahati itaamua.

Majibu yasome dhidi ya viwango vya Afrika Mashariki: sumukuvu zote kwa jumla zisizidi sehemu 10 katika bilioni, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Karatasi ya majibu iandikwe namba ya kundi la magunia, na magunia hayo yawekewe alama ile ile kwa wino usiofutika, maana mnunuzi atakuja na swali moja tu: majibu haya ni ya magunia yapi?

Tarehe uliyomwaga, kiasi, na ganda la mfuko wa TZ01 vitunze pamoja na risiti. Kuvu nzuri hubaki kiasi fulani kwenye udongo hadi msimu unaofuata, lakini haibaki ya kutosha kuacha kumwaga. Ukifika muda wa kuagiza tena, daftari hilo litakuambia siku ya kwenda dukani.